Fred Terman: mwalimu wa redio aliyeleta viwanda kwenye bonde la matunda

Kila tunapozungumzia viwanda katika kipindi cha asubuhi, swali moja hurudi kwenye simu ya studio: kwa nini simu tunazotumia hazitengenezwi hapa kwetu? Wasikilizaji wengine hujibu kwamba hatuna wataalamu. Wengine husema hatuna mtaji. Wengine huilaumu serikali, na wengine huitetea.

Wiki hii tumeamua kulijibu swali hilo kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja. Anaitwa Frederick Terman, Mmarekani aliyefariki mwaka 1982. Hakuwa tajiri mwenye kiwanda, hakuwa waziri, wala hakugundua simu. Alikuwa mwalimu wa redio. Lakini ukiuliza namna Silicon Valley ilivyoanza, lile bonde la California lenye kampuni kubwa za kompyuta na mitandao, jina lake hutajwa miongoni mwa ya kwanza kabisa.

Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, kazi yake ilikuwa redio, nasi ni watu wa redio. Pili, maisha yake yanaonyesha wazi kwamba viwanda vya teknolojia havioti vyenyewe kama majani baada ya mvua. Kuna mtu hufundisha, kuna mtu hutoa ardhi, kuna mtu hununua. Mmoja akikosekana, kazi hukwama.

Mtoto wa mwalimu, mpenzi wa redio

Terman alizaliwa tarehe 7 Juni 1900 katika mji mdogo uitwao English, jimbo la Indiana. Baba yake, Lewis Terman, alikuwa mwalimu mwenye ugonjwa wa kifua kikuu. Wakati huo tiba iliyotegemewa ilikuwa kupumzika na kuhamia mahali penye hewa kavu na joto. Familia ikahamia California, na mwaka 1910 baba akapata kazi katika Chuo Kikuu cha Stanford, kama kilomita 50 kusini mwa San Francisco. Huko akawa msomi mashuhuri wa vipimo vya akili.

Bonde walilohamia lilijulikana kwa matunda. Kulikuwa na mashamba makubwa ya plamu, ambazo wasikilizaji wetu wa Lushoto wanazijua, pamoja na aprikoti na cheri. Uchumi wa watu wengi ulikuwa kilimo, kukausha matunda na kuyafunga kwenye makopo.

Katikati ya mashamba hayo kulikuwa na jambo moja la ajabu. Katika mji wa Palo Alto, jirani na chuo, kijana aliyesoma Stanford alikuwa ameanzisha mwaka 1909 kampuni ya mawasiliano ya redio. Kampuni hiyo, Federal Telegraph, ilitengeneza mitambo ya kurusha mawimbi, na mteja wake mkubwa akawa jeshi la majini la Marekani. Vijana wa mtaani walizunguka huko wakijifunza. Fred alikuwa mmoja wa vijana waliojitengenezea redio nyumbani na kuongea hewani na wenzao.

Alisoma Stanford, kwanza uhandisi wa kemia, kisha wa umeme. Baadaye alivuka nchi nzima kwenda Boston, kwenye chuo cha MIT, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1924. Mwalimu wake huko aliitwa Vannevar Bush. Tulishike jina hilo, kwa sababu litarudi.

Ugonjwa ulioubadilisha mpango

MIT walimpa kazi ya kufundisha. Alirudi nyumbani California kwa mapumziko ya kiangazi akiwa na nia ya kwenda Boston kuanza kazi. Hakwenda. Ugonjwa uliomsumbua baba yake ulimpata na yeye, tena kwa nguvu.

Dawa za kifua kikuu hazikuwepo. Zilianza kupatikana miaka ya 1940. Terman alilala kitandani karibu mwaka mzima, akiwekewa mifuko ya mchanga kifuani ili mapafu yapumzike. Alipopona, baridi ya Boston haikumfaa tena. Mwaka 1925 akaanza kufundisha Stanford, mwanzoni kwa nusu ya muda kwa sababu nguvu zilikuwa bado hazijarudi.

Stanford ya wakati huo haikuwa chuo chenye jina kubwa duniani. Maabara ya redio ilikuwa juu darini, na paa lilivuja. Mvua ikinyesha, waliweka vyombo vya kukinga maji. Inasimuliwa kwamba mwanafunzi mmoja alitia samaki wa mapambo kwenye moja ya vyombo hivyo.

Mwaka 1928 Terman alimwoa Sibyl Walcutt, na wakapata watoto watatu wa kiume. Mwaka 1932 alitoa kitabu cha uhandisi wa redio kilichosomwa na wanafunzi katika nchi nyingi kwa miaka mingi. Mafundi wa redio wa enzi ya vali walimjua kwa kitabu hicho kabla hawajajua lolote kuhusu chuo chake.

Wanafunzi wanaoondoka

Jambo moja lilimuuma Terman. Kila mwaka alifundisha vijana wenye uwezo, na kila mwaka waliondoka kwenda mashariki ya Marekani, ambako ndiko viwanda vikubwa vilikuwa. California ilibaki na mashamba yake, na akili ikaenda kutajirisha kwingine.

Sisi vijijini tunalijua hilo. Mtoto anasoma vizuri, anafaulu, anakwenda mjini, harudi. Hatumlaumu, maana akirudi atafanya kazi gani? Terman aliliona swali hilo hivyo hivyo. Akaona hakuna faida ya kuwasihi vijana wabaki bila kuwa na kazi ya kubaki nayo.

Alianza na hatua ndogo. Aliwapeleka wanafunzi kutembelea karakana za redio za eneo lile na maabara ya San Francisco ambako Philo Farnsworth alikuwa akitengeneza televisheni. Alitaka waone kwamba watu wa kawaida, tena vijana, wanaweza kuwa na kampuni yao.

Wawili kati ya wanafunzi wake walikuwa William Hewlett na David Packard. Packard alipomaliza shahada mwaka 1934 alikwenda kufanya kazi General Electric katika jimbo la New York, kama wenzake. Terman hakukata mawasiliano naye. Mwaka 1938 alimtafutia nafasi ya utafiti yenye posho Stanford, na Packard akaacha kazi ya uhakika akarudi.

Kazi ya Hewlett ya shahada ilikuwa kifaa cha kutoa mawimbi ya sauti yenye kipimo sahihi. Kwa lugha ya studio, ni kifaa cha kukagua kama mitambo ya sauti inafanya kazi sawasawa. Alitumia balbu ndogo kukituliza kisiyumbe, na ndiyo maana kikawa rahisi na cha bei nafuu. Terman aliwashauri wakiuze. Walianzia kwenye gereji ya nyumba ya kupanga mjini Palo Alto, na tarehe 1 Januari 1939 wakaanzisha rasmi kampuni ya Hewlett-Packard kwa mtaji wa dola 538. Miongoni mwa wateja wao wa kwanza ilikuwa kampuni ya Walt Disney, iliyonunua vifaa 8 kwa ajili ya sauti ya filamu yake mpya, Fantasia.

Gereji hiyo leo ni kivutio cha kihistoria, na hadithi yake husimuliwa sana: vijana wawili, gereji moja, jitihada. Hadithi ni ya kweli, lakini husimuliwa nusu. Mwalimu husahauliwa, posho ya chuo husahauliwa, na yaliyofuata baada ya 1941 husahauliwa kabisa.

Vita na fedha za serikali

Marekani ilipoingia Vita Kuu ya Pili, Vannevar Bush, yule mwalimu wa MIT, ndiye aliyesimamia utafiti wa kisayansi wa serikali kwa ajili ya vita. Alimwita mwanafunzi wake wa zamani. Kuanzia mwaka 1942 Terman aliongoza maabara ya siri katika Chuo Kikuu cha Harvard, yenye wafanyakazi zaidi ya 800.

Kazi yao ilikuwa kuziharibia rada za adui. Rada hurusha mawimbi ya redio, mawimbi yakigonga ndege hurudi, na mwenye rada hujua ndege iko wapi. Maabara ya Terman ilitengeneza mitambo ya kuyavuruga mawimbi hayo. Ilifanyia kazi pia vipande vyembamba vya alumini vilivyomwagwa na ndege angani, ili rada ione kama kundi kubwa la ndege zisizokuwepo.

Akiwa Harvard, Terman aliona jambo ambalo hakulisahau. Serikali ilikuwa imebadilika kuwa mteja mkubwa wa utafiti, na vyuo vya mashariki vilipata mikataba mikubwa huku Stanford ikiambulia kidogo sana. Akahesabu kwamba baada ya vita fedha hizo hazitakoma, na kwamba chuo kisichojiandaa kitabaki nyuma daima.

Alirudi Stanford mwaka 1946 akiwa mkuu wa kitivo cha uhandisi, na akaja na wataalamu kadhaa kutoka maabara ile ya Harvard. Mwaka huo huo jeshi la majini la Marekani lilifungua ofisi ya kugharimia utafiti vyuoni. Terman alikuwa tayari. Alikuwa na watu, alikuwa na mada, na aliwafahamu waliokuwa upande wa pili wa meza. Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950, mikataba iliongezeka zaidi.

Hapa tuwe wakweli. Fedha zilizoanzisha viwanda vya bonde lile zilikuwa kwa sehemu kubwa fedha za walipa kodi, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilipita mikononi mwa jeshi. Anayesema Silicon Valley ilijengwa na wafanyabiashara bila mkono wa serikali, hajasoma hesabu zake.

Ardhi isiyouzwa

Stanford ilikuwa na mali moja kubwa, ardhi. Waanzilishi wake, Leland na Jane Stanford, waliacha zaidi ya ekari 8,000, na hati ya zawadi ilikataza kuiuza. Baada ya vita chuo kilikuwa na ardhi tele na fedha kidogo.

Uongozi wa chuo ukaamua kupangisha badala ya kuuza. Mwaka 1951 ulitengwa eneo la viwanda, mwanzoni ekari 209, na Terman akasukuma wazo kwamba wasipewe wapangaji wowote tu. Alitaka kampuni zinazotumia elimu, ambazo zitaajiri wahitimu na kushirikiana na maabara za chuo. Kiwanda cha kuongeza kipato cha pango peke yake kingeweza kwenda kwingine.

Mpangaji wa kwanza alikuwa Varian Associates, kampuni ya ndugu Russell na Sigurd Varian. Mwaka 1937 ndugu hao walikuwa wamevumbua Stanford aina mpya ya vali ya kuzalisha mawimbi mafupi sana, iliyokuja kusaidia rada. Chuo kiliwapa nafasi ya maabara na dola 100 za vifaa, kwa makubaliano ya kugawana mapato ya uvumbuzi. Dola 100 hizo zilirudisha fedha nyingi kwa miaka mingi. Baadaye Hewlett-Packard nao walihamia kwenye eneo hilo, wakaja General Electric na Kodak, na mwaka 1956 kampuni ya ndege na makombora ya Lockheed ikaleta watafiti wake.

Terman aliongeza kiungo kingine. Kuanzia mwaka 1954 mhandisi aliyeajiriwa kiwandani aliweza kusoma shahada ya juu Stanford huku akiendelea na kazi. Mwajiri alilipa ada na nyongeza juu yake. Mfanyakazi akapata elimu, kiwanda kikapata mtaalamu, chuo kikapata fedha na habari za nini hasa viwanda vinahitaji.

Kongano maana yake nini

Wataalamu wetu wa mipango siku hizi hutumia neno kongano. Neno linatisha, lakini jambo lenyewe kila mtu amelishuhudia. Fikiria mtaa wa maseremala. Fundi akiishiwa gundi, jirani anayo. Muuza mbao huleta mzigo hapo kwa sababu wateja wako pamoja. Kijana anayejifunza randa kwa fundi mmoja hupata kazi kwa mwingine, na akikomaa hufungua kibanda chake hatua kumi kutoka kwa mwalimu wake. Mteja naye huja kwa sababu anajua hatakosa.

Bonde la Terman lilifanya hivyo hivyo, ila badala ya mbao ni elektroniki. Sheria ya jimbo la California nayo ilisaidia. Tangu mwaka 1872 sheria hiyo haikubali mikataba inayomzuia mfanyakazi kuondoka na kushindana na mwajiri wake wa zamani. Fundi aliyekomaa aliweza kutoka na kufungua kibanda chake bila kushitakiwa.

Matokeo yalionekana mwaka 1957. Mwaka mmoja kabla, William Shockley, mmoja wa wavumbuzi watatu wa transista, alikuwa amefungua maabara yake Mountain View, karibu na Stanford, na Terman alimtia moyo aje huko. Transista ndiyo iliyoondoa zile redio kubwa za vali sebuleni na kutuletea redio ndogo ya betri ambayo wazee wetu waliibeba mpaka shambani. Shockley alikuwa mwanasayansi hodari lakini kiongozi mgumu. Wataalamu wake 8 waliondoka kwa pamoja, wakaanzisha Fairchild Semiconductor, na kutoka Fairchild zikazaliwa kampuni nyingine nyingi, ikiwemo Intel mwaka 1968.

Lazima tuongeze hili, kwa kuwa linatuhusu. Shockley aliishia miaka yake ya mwisho akieneza madai kwamba watu weusi wana akili pungufu kwa kuzaliwa. Wanasayansi wengi waliyakataa. Baba yake Terman naye, katika kazi yake ya vipimo vya akili, aliandika mawazo ya namna hiyo. Tunajifunza ufundi wao bila kumeza kila walichoamini.

Kampuni hizo mpya zilitengeneza chipu za silikoni, ambazo ndizo zilizolipa bonde jina lake mwaka 1971. Chipu za kwanza zilikuwa ghali mno kwa mwananchi wa kawaida. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 mnunuzi wao mkuu alikuwa serikali, kwa ajili ya makombora na safari za mwezini. Serikali ilinunua kwa bei ya juu, viwanda vikapata uzoefu, bei ikashuka, na hatimaye chipu zikaingia kwenye vikokotoo, redio na simu. Bila mnunuzi yule wa kwanza, huenda zingebaki kabatini.

Waliolipa gharama

Terman alikuwa naibu mkuu wa chuo aliyesimamia taaluma kuanzia 1955 hadi alipostaafu 1965. Aliiinua Stanford kwa kuchagua fani chache na kuzijaza walimu bora kabisa. Fani zisizoleta fedha wala sifa zilijiona zimeachwa nje, na walimu wengi walimwona mtu wa hesabu asiye na huruma.

Kutegemea jeshi nako kulileta mgogoro. Wakati wa vita vya Vietnam wanafunzi walipinga utafiti wa silaha chuoni kwao, na Aprili 1969 waliivamia na kuikalia maabara ya elektroniki. Chuo kilikubali kuacha utafiti wa siri.

Na ile ardhi ya matunda? Mashamba yalitoweka karibu yote chini ya viwanda, barabara na nyumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 iligundulika kwamba kemikali za kusafishia chipu zilikuwa zikivuja kutoka kwenye matangi ya chini ya ardhi na kuingia kwenye maji. Wilaya ya Santa Clara ikawa na maeneo 23 katika orodha ya serikali ya maeneo yaliyochafuliwa vibaya. Usafishaji umechukua miongo. Anayewaambia wanakijiji kwamba kiwanda cha teknolojia hakina moshi, kwa hiyo hakina madhara, awaeleze pia habari hii.

Waliojaribu kuiga

Baada ya kustaafu, Terman aliitwa sehemu nyingi akaoneshe namna ya kurudia aliyoyafanya. Katika jimbo la New Jersey kulikuwa na kampuni kubwa, maabara maarufu duniani na fedha za kutosha. Walimtaka awasaidie kuanzisha chuo cha kuziunganisha. Mpango ulikwama. Kila kampuni ilichelea kushirikiana na nyingine na kutoa watu wake na siri zake. Walikuwa na kila kitu isipokuwa ule ujirani wa mtaa wa maseremala.

Korea Kusini mambo yalikwenda tofauti. Miaka ya 1960 ilikuwa nchi maskini, na vijana wake waliokwenda kusoma Marekani wengi hawakurudi. Lilikuwa lile lile tatizo lililomuuma Terman alipokuwa mwalimu kijana. Mwaka 1970, akiwa na umri wa miaka 70, aliongoza timu iliyotumwa na shirika la misaada la Marekani. Timu hiyo ilishauri ianzishwe taasisi mpya ya shahada za juu za sayansi na uhandisi, yenye masomo yanayolingana na mahitaji ya viwanda vya Korea yenyewe.

Serikali ya Korea haikuliweka andiko hilo kabatini. Ilitunga sheria maalumu, na taasisi ikaanzishwa mwaka 1971. Wanafunzi walipata ufadhili na unafuu katika utumishi wa lazima wa jeshi. Wakati huo huo serikali ilikuwa ikisukuma viwanda vikue, kwa hiyo wahitimu walikuta kazi. Taasisi hiyo ndiyo leo inaitwa KAIST. Iko katika mji wa Daejeon, katikati ya eneo la utafiti ambalo serikali ililipanga tangu miaka ya 1970.

Terman alifariki nyumbani kwake, katika eneo la Stanford, tarehe 19 Desemba 1982. Alikuwa na umri wa miaka 82.

Uzi unaofika kwetu

Habari haikuishia huko. Majirani zetu wa Kenya waliamua kujenga mji wa teknolojia wa Konza, kama kilomita 60 kutoka Nairobi, kwenye ekari 5,000 za nyika. Rais Mwai Kibaki aliuzindua Januari 2013. Ndani ya mji huo umepangwa ujenzi wa taasisi ya juu ya sayansi na teknolojia kwa mkopo kutoka Korea Kusini, ikifuata mfano wa KAIST na kwa ushauri wa KAIST wenyewe. Mpango wa mwalimu wa Stanford umepita Korea, na sasa uko Ukambani.

Tukirudi kwenye swali la wasikilizaji wetu, maisha ya Terman yanatupa njia ya kupima ahadi. Siku kiongozi akija kijijini kusema kwamba eneo fulani litakuwa la viwanda vya kisasa, tusiangalie uzio na lango peke yake. Tumuulize nani atafundisha vijana wetu kazi hizo, na kama mwalimu huyo anakijua kiwanda. Tumuulize nani atanunua bidhaa za kwanza, zikiwa bado ghali na hazijakamilika, na kama serikali yenyewe itakuwa mteja. Tumuulize ardhi inatolewa kwa masharti gani, kwa kuuzwa au kwa kupangishwa, na pango linakwenda wapi. Tumuulize maji ya kisima yatalindwa vipi.

Tumuulize pia ana subira ya miaka mingapi. Kutoka Terman alipoanza kufundisha mwaka 1925 hadi eneo la viwanda lilipofunguliwa ilikuwa miaka 26. Hadi bonde lilipopata jina lake ilikuwa miaka 46. Hakuna uchaguzi mmoja unaotosha kwa kazi hiyo.

Mwishoni tunawafikiria walimu wa fizikia wa shule zetu za kata, wanaofundisha umeme kwa ubao na chaki. Na tunawafikiria mafundi simu wa magulioni, ambao kijana mmoja au wawili hukaa pembeni mwao siku nzima wakitazama mkono unavyokwenda. Terman alianza hivyo hivyo, na vijana wachache, chini ya paa linalovuja. Kama kijijini kwenu yuko mwalimu au fundi wa namna hiyo, tutumieni habari zake kwenye namba ya studio mliyoizoea. Tutakuja na kinasa sauti.